Pa Kuilaza Nyumba ya Magurudumu Lushoto

Shemeji yangu alipostaafu kazi Dar es Salaam hakununua shamba wala hakufungua duka la vifaa vya ujenzi. Alinunua Coaster ya mtumba, akang'oa viti vyote, akaweka kitanda, jiko la gesi, tangi la maji la lita 200 na kabati la vyombo lenye komeo, sahani zisije zikaruka kwenye kona. Kisha akaipandisha kutoka Mombo hadi Lushoto, kilomita 33 za kona juu ya kona kupitia Soni, akafika nyumbani kwetu saa kumi jioni. Alipiga honi mara tatu, akashuka akijinyoosha mgongo, akauliza: "Haya shemeji, nailaza wapi?"

Tulimwonyesha penye majani mazuri, upande wa chini wa nyumba, pametandazika kama mkeka, na mtu akikaa pale analiona bonde lote. Ilikuwa mwishoni mwa Oktoba. Vuli ilipokolea, asubuhi ya siku ya nne, shemeji aliamka kichwa kiko chini na miguu iko juu, maana tairi za upande wa bondeni zilikuwa zimezama hadi kwenye rimu. Kulitoa gari lile kulihitaji vijana kumi na wawili, kamba ya Fuso, mbao za banda la ng'ombe na siku nzima ya kusukuma. Mbao hazikurudi bandani. Ninayoyaandika hapa nayaandika ili banda lako lisalimike.

Lazima kwanza ulielewe gari lenyewe. Gari la kulala si gari la kwendea sokoni. Noah ikisimama jioni kwenye udongo laini, asubuhi imeondoka na ardhi inapumua. Coaster yenye kitanda inakaa palepale miezi mitatu, na ina tani tatu na nusu na ushei hata kabla hujajaza tangi. Lita 200 za maji ni kilo 200 nyingine. Uzito wote huo unashuka ardhini kupitia tairi sita, na kila tairi inagusa chini kwa eneo lisilozidi sana kiganja cha mtu mzima kilichotanuliwa. Mwenye gari naye hatulii. Anaingia, anatoka, anapika, anajigeuza kitandani, na ardhi inasukumwa kidogo kidogo usiku na mchana. Juu ya hayo, udongo wenye unyevu hutoa mvuke unaopanda kwenye chesisi, na ukungu wetu wa Juni na Julai unaleta unyevu mwingine kutoka juu. Springi zinaliwa na kutu kimyakimya. Majani yakirefuka panya wanapata ngazi. Wasafiri wanaopiga kambi shambani Irente hukaa siku mbili tatu, wanakula mkate na jibini, wanatazama nyika ya Umasaini kutoka kwenye jabali, wanaondoka. Wao majani yanawafaa. Wewe unataka kulilaza gari msimu mzima, kwa hiyo achana na majani.

Sasa kila mtu hukimbilia swali lilelile: niweke zege, pevingi au kokoto? Kwa Lushoto hilo ni swali la mwisho. La kwanza ni kwamba maji yatapita wapi.

Subiri mvua kubwa. Vaa gambuti, chukua mwavuli, toka nje usimame mahali unapotaka kuegesha. Usisimame dakika mbili ukarudi ndani kunywa chai. Simama nusu saa. Utaona maji yanayoshuka kutoka kwenye paa lako, yanayotoka kwa jirani wa juu, yanayofuata njia ya ng'ombe kana kwamba imechongwa kwa ajili yake. Chomeka vijiti mahali yanapopita. Mvua ikikatika, vijiti hivyo ndivyo ramani yako, na hakuna fundi atakayekuchorea bora kuliko hiyo. Kisha chimba shimo la kina cha sentimita 30, ulijaze maji, uangalie saa. Maji yakikauka upesi, ardhi yako inakunywa. Yakilala humo hadi kesho yake, una mfinyanzi mwekundu, na mfinyanzi huo ukiloa hauna rafiki, uwe na gari la magurudumu manne au sita.

Ukishamaliza na mvua, nenda kwa jirani wa chini. Namaanisha uende kwa miguu, ubishe hodi.

Mimi nilikwenda kwa mama mmoja mtu mzima ambaye namwita shangazi ingawa hatuna damu moja. Shamba lake la kabichi na karoti liko chini kabisa ya uwanja wetu. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu." Nikamweleza habari ya Coaster na zege. Alisikiliza huku akimenya maharage, hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza swali moja tu: "Na maji yako yatapita wapi?" Nikasema yatashuka. Akaweka ungo chini. "Yatashuka kwangu," akasema.

Alikuwa na haki, na hesabu inamuunga mkono. Uwanja wa kulaza Coaster ndefu, ambayo ina karibu mita 7, unahitaji kama mita 8 kwa mita tatu na nusu. Hizo ni mita za mraba 28. Mvua ya milimita 50, na masika yetu huileta bila kuombwa, ikinyesha juu ya zege la ukubwa huo inakuwa lita 1,400. Ni ndoo 70 za lita 20. Kabla ya zege, sehemu kubwa ya maji hayo ilikuwa inanywewa na ardhi yako mwenyewe na mengine yakitambaa polepole kati ya majani. Baada ya zege, ndoo 70 zinashuka kwa pamoja, kwa kasi, kwenye tuta la karoti la shangazi. Mtu anayemwaga zege lote hilo mlimani bila kuchimba mfereji anamwagia jirani ndoo 70 shambani kila mvua kama hiyo inaponyesha. Angekwenda kumwagia kwa mkono, angepelekwa kwa mwenyekiti wa kitongoji siku hiyohiyo.

Watu wa milima hii wamezozana na maji na udongo kwa muda mrefu, na si wao kwa wao tu. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Usambara kulima kwa matuta ili kuzuia mmomonyoko. Walikataa, wakapinga kwa nguvu, kwa sababu kazi ilikuwa kubwa, shamba lilikuwa lao na hakuna aliyewauliza, na mpango huo ukaachwa kabla ya uhuru. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukaja mradi wa SECAP kwa ushirikiano na Wajerumani, wenye nia ileile ya kuushika udongo, ila huu uliegemea mistari ya majani ya gwatemala yaliyopandwa kufuata kontua, na miti ya migrivea pembeni. Gwatemala iliyapunguzia maji mbio na ng'ombe wa zizini akapata chakula. Ndiyo maana leo ukipita Lushoto unaiona mpakani mwa mashamba mengi. Ikumbuke hiyo gwatemala, tutaihitaji.

Tuje kwenye kuchonga uwanja, na hapa nakuomba usiruke mstari, kwa sababu ndipo gari letu lilipozamia.

Lushoto hakuna tambarare ya bure. Unakata mlima upande wa juu, udongo unaotoka unaumwaga upande wa chini, unasawazisha, unapata jukwaa. Ukilitazama ni uwanja mmoja. Ndani yake ni viwanja viwili visivyofahamiana. Nusu ya ndani, ulikokata, ni ardhi iliyolala pale tangu mlima uwe mlima. Ukiipiga sururu inalia. Nusu ya nje ni udongo wa juzi, umejaa hewa, mizizi na majani yanayooza. Ukilisimamisha gari katikati, tairi za ndani zinakaa juu ya mlima na za nje zinakaa juu ya uji. Kwa macho huwezi kuona tofauti, hasa majani yakishaota. Sisi tulikuwa tumesahau kabisa kwamba penye mkeka wetu mzuri palijazwa udongo wakati nyumba inajengwa.

Kipimo chake ni rahisi na hakina gharama. Chukua kipande cha nondo ya milimita 12, urefu wa mita moja, ukibonyeze ardhini kwa mikono miwili, ukianzia upande wa juu. Pale kinapogoma baada ya kuingia kidogo, una ardhi. Pale kinapozama hadi nusu huku bado unazungumza na mtu, umefika kwenye udongo wa kumwagwa. Weka alama. Uwanja wa gari uweke ndani ya alama hiyo, hata kama mandhari ya bonde yatapungua kidogo dirishani.

Ikiwa huna njia ila kujaza, basi jaza kama mtu anayejua kuwa binadamu atalala juu yake. Ondoa majani na udongo mweusi wa juu wote. Chonga mteremko wa zamani uwe ngazi ngazi, ili udongo mpya ukae juu ya vidato, usiteleze kama blanketi kwenye kitanda kilichoinamishwa. Mwaga tabaka la sentimita 15, shindilia, mwaga jingine, shindilia. Udongo uwe na unyevunyevu tu. Ukamate mkononi uubane: ukishikamana bila kutoa maji, uko tayari, ukimomonyoka, nyunyiza maji, ukichuruzika kati ya vidole, nenda nyumbani urudi jua likiwaka. Mashine ya kushindilia inakodishwa, na kama hakuna, gogo zito la vishikio viwili na vijana wanne litafanya kazi kwa muda mrefu zaidi. Kisha uache uwanja upigwe na masika mazima kabla hujaweka kitu cha gharama juu yake. Najua hakuna anayependa kusikia sentensi hiyo. Mwenye haraka atauona ufa.

Gema ulilolikata juu nalo usiliache limesimama wima kama ukuta wa benki. Liegemeze kwa nyuma, lipande majani, na uache nafasi ya mita moja kati yake na ubavu wa gari. Barabara ya Mombo yenyewe, iliyojengwa na wahandisi, hupokea mawe na udongo mvua zikizidi. Gema lako halina mhandisi.

Katika ile nafasi ya mita moja ndipo mfereji unapopita. Uwanja uinamishe kuelekea huko, upande wa mlimani, sentimita 2 kwa kila mita, ili maji yasimwagike kwenye ukingo wa nje ambako udongo ni dhaifu. Fundi wetu wa kwanza aliinamisha uwanja kwenda bondeni, akasema maji siku zote hupenda bondeni. Ni kweli, yanapenda, na yanakwenda na ukingo. Shika pima maji mwenyewe, au chukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga uujaze maji, mtoto ashike upande mmoja na wewe mwingine; usawa wa maji ndani ya mpira haudanganyi. Coaster ina upana wa kama mita 2, kwa hiyo mwinamo huo unaipa tofauti ya sentimita 4 kati ya tairi za kulia na za kushoto. Ubao mmoja mnene chini ya tairi za ndani unaziba tofauti hiyo, na kitanda kinakaa sawa.

Baada ya yote hayo, sasa uliza swali lako la zege na pevingi.

Vigae vya kung'aa naviondoa kwanza, maana nimeviona kwenye nyumba za watu wenye akili zao. Vigae ni vya sebuleni. Ukivitandika kwenye maegesho ya Lushoto, ambako ukungu unalowesha kila kitu kabla hata ya mvua, umetengeneza uwanja wa kuteleza, na wa kwanza kuanguka atakuwa bibi anayekuja kukupongeza. Tena kigae hakikuzaliwa kubeba tani nne; kitapasuka chini ya tairi ya nyuma mwezi wa kwanza. Kama una vigae vilivyobaki, weka bafuni.

Lami ya nyumbani pia tuipite haraka. Bila roli ya kuishindilia ni uji mweusi uliokauka, na dizeli ikidondoka juu yake inailainisha. Na gari la mtumba linadondosha.

Kifusi cha changarawe ndicho watu wengi wanachoanzia, na kina heshima yake. Tipa moja inakuja, inamwaga, mnasambaza, mnashindilia, uwanja unapendeza hadi mvua ya tatu. Changarawe ikiwa na udongo mwingi inageuka tope lenye mawe. Itumie kama godoro la chini, juu yake uweke kitu kingine.

Kokoto ni hadithi ndefu kidogo. Kule barabarani utawaona akina mama wanaoponda mawe kwa nyundo, mmoja amekaa juu ya gunia, miguu ameinyoosha, jiwe ameliweka juu ya jiwe, anapiga mara mbili tatu linagawanyika, anasukuma vipande kwenye fungu lake bila kutazama. Fungu hilo nunua. Kokoto za kupondwa zina pembe, na pembe hukamatana. Kokoto za mtoni ni za mviringo, zimelambwa na maji miaka elfu, nzuri kwa kuangalia. Tairi ikizigusa zinakimbia kila moja upande wake. Mskoti John Loudon McAdam, aliyefariki mwaka 1836, alibadili barabara za Uingereza kwa wazo hilohilo: vipande vidogo vya mawe yenye pembe, vishikamane vyenyewe kwa uzito wa magurudumu. Alitaka hata mawe yapimwe, jiwe lisizidi wakia 6, yaani kama gramu 170. Lakini wazo lake kubwa lilikuwa jingine, na shangazi angekubaliana naye bila kusoma: kinachobeba gari ni udongo wa chini, nao utabeba mradi ubaki mkavu. Mawe ni mwavuli wake.

Kwa hiyo kokoto za inchi moja kasorobo, unene wa sentimita 10, juu ya kifusi kilichoshindiliwa, ukingoni ukizungushia mawe makubwa ya kuzuia zisitoroke, ni uwanja mzuri kabisa penye usawa. Maji yanapenya, chesisi inabaki kavu, na mwizi akija usiku unamsikia. Penye mteremko usijaribu. Kokoto zitashuka zote hadi getini na utakuwa unazipandisha kwa toroli kila Jumamosi.

Njia ya kuingilia, ile yenye mwinuko, nakushauri uipange mawe. Mawe tunayo, mlima wote huu ni mwamba mgumu wa kale, na kila anayelima anajua idadi ya mawe yaliyomvunjia jembe. Kinachotakiwa ni subira. Jiwe halilazwi kwa tumbo, linasimamishwa kwa ubavu, sehemu pana ikiwa chini ndani ya mchanga, kisha jingine linabanwa kando yake, na vipande vidogo vinagongewa kwenye nyufa hadi ukilipiga teke halitikisiki. Kule Mwanza mitaa ya vilimani imetandikwa mawe ya namna hiyo na magari yanapanda kila siku. Tairi inapata pa kung'ata hata mvua ikinyesha, na jiwe moja likilegea unalirudisha mwenyewe jioni bila kumwita mtu. Angalia tu usiufanye mwinuko ukutane na uwanja kwa kona kali, maana Coaster ina mkia mrefu nyuma ya tairi, na mkia huo utalima.

Pevingi zina uzuri wake na ukiwa na fedha sitakuzuia. Ila usinunue zile za sentimita 6 ambazo ni za njia za miguu na magari madogo. Kwa gari zito tafuta za sentimita 8, zilizokomaa, ambazo ukizigonganisha zinatoa mlio wa chuma, si wa biskuti. Zipange kwa mtindo wa kupishana, ufunge kingo zote kwa mkanda wa zege. Pevingi zisizofungwa kingo huanza kutawanyika siku unayokata usukani gari likiwa limesimama. Juu ya udongo wa kumwagwa zitafanya mawimbi, na hapo hata uziweke za dhahabu.

Zege sasa. Zege ni zuri sana, na kosa letu ni kudhani lazima liwe kila mahali. Uwanja mzima wa mita 8 kwa tatu na nusu, unene wa sentimita 15, unakula mita za ujazo 4.2, ambayo kwa mchanganyiko wa 1:2:4 ni kama mifuko 27 ya saruji ya kilo 50. Lakini gari halisimami juu ya uwanja mzima. Linasimama juu ya mistari miwili. Mwaga mistari miwili ya zege, kila mmoja upana wa sentimita 80, urefu mita 8, unene uleule, na katikati uweke kokoto. Utatumia mifuko kama 13. Na zile ndoo 70 za shangazi, zinazotoka kwenye zege zinabaki 32. Nyingine zinanywewa na kokoto. Nusu ya gharama, chini ya nusu ya ugomvi. Mimi sijaona hoja ya kuishinda hiyo.

Mistari hiyo iwekee wavu wa chuma, uikate kila baada ya mita 3 ili ufa ukija ujue pa kupita. Simama na fundi wakati wa kuchanganya. Mafundi wengi hupenda zege linalomiminika kama uji wa mgonjwa kwa sababu linajitandaza lenyewe bila kuwachosha mikono. Kila ndoo ya maji iliyozidi inakunyang'anya nguvu uliyoilipia kwa saruji iliyotoka Pongwe, Tanga, ikapanda milima yote hii. Zege la gari liwe zito, lisukumwe kwa beleshi, ligongwe. Kabla halijakauka, pitisha juu yake ufagio wa chelewa kutoka upande mmoja kwenda wa pili, kukata njia ya gari. Mifereji midogo inayoachwa na zile njukuti ndiyo itakayoshika tairi siku ya utelezi, na ndiyo itakayomshika bibi.

Kisha lifunike kwa magunia au majani ya migomba, ulimwagilie asubuhi na jioni kwa siku 7 angalau. Gari lisikanyage mpaka siku ya 28, na ukimwaga Julai, baridi yetu inalichelewesha zege kukomaa, ongeza wiki. Shemeji alikuwa akihesabu siku kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko.

Vitu vilivyobaki ni vya dakika chache ila usivisahau. Jeki za kutuliza gari zisikanyage kokoto, ziwekee vibao. Nyuma ya tairi weka vigogo viwili hata kama hendibreki ni mpya, na uache gia imeingia. Usiegeshe chini ya mkaratusi, huangusha matawi bila taarifa. Mparachichi nao msimu wake ukifika ni adui wa vioo. Maji ya vyombo na ya kuogea yaingie kwenye shimo la mawe la kunyonya, lililo mbali na ukingo wa nje, maana shimo la kunyonya likiwa karibu na udongo wa kumwagwa linaulowesha kwa ndani, polepole, hadi siku moja ukingo wote unaaga. Sabuni usiipeleke kwenye karoti za mtu.

Na ukingo huo wa nje ndio mahali pa gwatemala. Panda mistari miwili kufuata kontua, chini ya uwanja, na mdomo wa mfereji uufungue juu ya mistari hiyo kwenye kitanda cha mawe makubwa, maji yavunjike nguvu na kutawanyika kabla hayajavuka mpaka. Hili nililifanya kwa kumwita shangazi aje asimame upande wake aniambie tuufungulie wapi. Alisogeza kigingi changu hatua sita kushoto. Sikumuuliza sababu siku ile, ila mvua ya kwanza ilinionyesha: hatua sita kulia kuna njia ya zamani ya ng'ombe inayokwenda moja kwa moja kwenye kitalu chake.

Masika yaliyopita yalikuja kwa nguvu. Usiku mmoja ilinyesha hadi alfajiri, nami nikatoka na tochi mara mbili kuangalia mfereji. Asubuhi mvua ilipopungua nikamwona shangazi anapanda na mundu mkononi na gunia begani. Hakuja kwanza kwetu. Alisimama kwenye mdomo wa mfereji, akautazama kwa muda, akageuka akatazama shamba lake, ndipo akaanza kukata gwatemala kwa ajili ya ng'ombe wake kama tulivyokubaliana. Shemeji akafungua mlango wa Coaster, akamkaribisha chai. Shangazi akavua gambuti penye ngazi, akapanda, akaketi pembeni ya kitanda, akaukandamiza mkono wake kwenye godoro mara mbili, kisha akausogeza mwili mzima kushoto na kulia.

"Halitikisiki," akasema, akaomba sukari.